Lifti ya gari kwa gereji ndogo: nguzo mbili, mkasi, au nibaki na shimo?

#1 Fundi Maili Moja

Wakuu habari za humu.

Mimi ni makanika, gereji yangu iko Kibaha kwenye kiwanja cha kupanga. Nina banda la bati, upana mita 9, urefu mita 12. Paa lina mteremko mmoja: upande wa juu mita 4.1, upande wa chini mita 3.4. Sakafu nimeikuta, aliimwaga aliyenitangulia. Umeme ni TANESCO njia moja (single phase). Magari yanayoingia ni IST, Noah, Harrier, Hiace za abiria, Hilux, na mara mojamoja Land Cruiser hardtop. Canter zikija zinaenda shimoni.

Kwa sasa nina shimo moja la fundi kuingia chini ya gari, jeki mbili za magurudumu na stendi zake. Zamani kazi kubwa ilikuwa kumwaga oili. Siku hizi ni bushi, shokapu, giaboksi na ekzosi, na vijana wangu wanashinda wamelala chali kwenye boksi. Nina milioni kumi, na humo humo itoke lifti, msingi na umeme wake. Muuzaji mmoja Kariakoo anasema nichukue nguzo mbili ya tani 4, "inabeba kila kitu". Mwingine ananivutia kwenye lifti ya mkasi, anadai haina habari ya msingi.

Nataka kusikia wanaozitumia. Wauzaji nimeshawasikia.

#2 Kijiti cha Nyuma

Ngoja niweke mkeka hapa, wajuzi wanakuja.

#3 Mzee wa Spana

Marahaba, japo hujaniamkia.

Kijana, wauzaji wanakuuliza una shilingi ngapi. Mimi nakuuliza sakafu yako ina unene gani. Lifti ya nguzo mbili imesimama kwa bolti tano au sita kila nguzo, basi. Gari likiwa juu, mikono inazivuta zile nguzo ziiname ndani, na anayekataa ni bolti aliyeng'ata zege. Zege likiwa bovu, lifti iwe ya Italia, iwe ya China, itakulalia.

Chukua drili ya nyundo na biti ya milimita 12. Toboa sehemu nne pale unapodhani nguzo zitasimama. Kisha chukua waya mgumu, kunja ncha yake kidogo kama ndoana, uingize mpaka chini, uuvute juu ukwamie kwenye kingo ya chini ya zege. Weka alama, pima. Na wakati unatoboa angalia vumbi. Likitoka la kijivu mpaka mwisho, vizuri. Likigeuka jekundu kwenye sentimita 5 au 6, hiyo ni sakafu ya kufagia tu.

Vitabu vya lifti za tani 4 vinatofautiana. Vingine vinakubali zege la sentimita 10, vingine vinataka 15 hadi 20, na nguvu ya zege isipungue psi 3,000, sawa na megapaskali 21 hivi. Muombe muuzaji kitabu cha lifti husika kabla hujampa hata shilingi. Akikosa kitabu, mwage.

#4 Bosi wa Foleni

Mimi nitasema lisilopendwa: lifti kwa gereji za huku ni sifa. Babu zetu wameshusha injini za Bedford kwa gogo na cheni, hakuna aliyelalamika. Una shimo, lichimbe la pili, hiyo milioni kumi nunua mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

#5 Binti wa Ngarenaro

Bosi, babu zetu pia walikuwa wanakatwa vidole.

Nina gereji Arusha, tunafanya matairi, breki na shokapu. Shimo halinyanyui gurudumu. Ukitaka kutoa tairi, bado unapiga jeki juu ya shimo, na hapo umejiongezea hatari badala ya kuipunguza. Kwa oili, giaboksi na difu, sawa, shimo linafaa. Kwa breki, bushi na shokapu halikusaidii kitu.

Mimi natumia mkasi wa kimo cha kati, tani 3, unanyanyua kama mita moja na kidogo. Unakaa chini kabisa ukishushwa, gari linapita juu yake, na magurudumu yote manne yananing'inia. Fundi anakaa kwenye kistuli cha magurudumu, breki ziko usawa wa kifua. Kwa kazi zangu sibadilishi. Ila mleta uzi ametaja giaboksi na ekzosi, na hapo mkasi unamgomea, kwa sababu jukwaa lenyewe limekaa katikati ya gari, palepale anapotaka kuingia. Giaboksi ya Noah huitoi juu ya mkasi ukabaki na adabu.

Na huyo anayesema mkasi hauna habari ya msingi anatania. Kuna aina isiyofungwa bolti, kweli. Lakini gari la tani 2 limekaa juu ya eneo dogo la chuma, sakafu laini inadidimia upande mmoja, na mkasi ukishainama hauna rafiki.

#6 Mpwani wa Changamwe

Salamu kutoka Mombasa. Naunga mkono shimo libaki, lakini kwa sababu ya Canter pekee. Lori dogo chasisi yake iko juu, bodi pana, na wenyewe wanakuja bado lina mzigo. Hilo halipandi lifti ya tani 4, msidanganyane.

Mkibaki na shimo angalieni mvuke wa petroli. Ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia mle ndani. Fundi anatoa tangi la mafuta, taa ya kuchomeka ya kawaida imening'inia shimoni, cheche moja tu yatosha. Kazi ya tangi na paipu za petroli ifanyike nje ya shimo. Na huku kwetu pwani kuna maji: ukichimba mita moja u nusu katika sehemu za chini, mvua za masika zikija unafuga kambare.

#7 Fundi Maili Moja

Shikamoo Mzee wa Spana, niwie radhi kwa kuchelewa. Kesho natoboa.

Dada wa Ngarenaro umenisaidia sana, mkasi nimeuondoa kichwani. Sasa nguzo mbili. Nilifikiria kuziweka upande wa juu wa banda, pale kwenye mita 4.1. Je, paa linatosha?

#8 Kipimo Kamili

Mkuu, 4.1 umepima hadi kwenye bati au hadi chini ya kenchi? Na umepima ukutani, au pale gari litakaposimama?

#9 Fundi Maili Moja

Chini ya mbao za kenchi. Lakini ni ukutani.

#10 Kipimo Kamili

Basi huna 4.1. Paa lako linashuka sentimita 70 ndani ya mita 9, yaani karibu sentimita 8 kila mita. Lifti ya nguzo mbili ina upana wa mita 3.4 hivi kutoka nje ya nguzo hadi nje ya nguzo nyingine. Ukiacha nusu mita kutoka ukutani ili mtu apite, ubavu wa mbali wa gari utakuwa mita tatu na ushee kutoka ukutani. Hapo kenchi imeshashuka hadi 3.85. Hiyo ndiyo namba yako.

Sasa hesabu ni nyepesi: 3.85 toa urefu wa gari, toa sentimita 15 za usalama, inayobaki ndiyo utakayonyanyua.

IST ina mita 1.53, unaipandisha hadi mwisho wa lifti bila wasiwasi. Noah ina 1.85 hivi, inabaki 1.85, ambayo ndiyo karibu mwisho wa lifti nyingi. Umepona kwa nywele. Hiace ya paa la kawaida ina karibu mita 2, inabaki 1.7: fundi mrefu atainamisha shingo kidogo. Hiace ya paa refu ina 2.28, inabaki 1.42, unafanyia kazi kwenye kistuli. Na daladala likiwa na keria juu, pima keria, usipime paa.

Upande wa mita 3.4 usiufikirie kabisa. Noah tu itaishia 1.40.

Jambo la pili linalotokana na hilo: kuna nguzo mbili za aina mbili. Moja kebo na paipu zake za haidroliki zinapita chini kati ya nguzo, zimefunikwa bamba la chuma. Hiyo nguzo zake zina mita 2.8 au 2.9. Nyingine zinapita juu kwenye boriti inayounganisha nguzo, sakafu inabaki tupu, lakini inasimama mita 3.6 na zaidi. Hii ya pili inapendeza kwa sababu jeki ya giaboksi inapita bila kugonga tuta. Kwako itaingia kwa kubanana, na ile Hiace ya paa refu itagonga boriti ya lifti kabla ya kenchi. Chukua yenye bamba chini. Tuta la sentimita 3 au 4 utalizoea. Gari lililoshushwa sana springi litalisugua, lakini Kibaha si kwamba mna magari mengi ya mashindano.

#11 Kijiti cha Nyuma

Huyu Kipimo kapima hadi gereji ya mtu ambayo hajafika. Heshima.

#12 Mswahili wa Sharjah

Assalaam alaykum. Nafanya kazi kwenye gereji huku Sharjah, Falme za Kiarabu, maeneo ya viwanda, nguzo mbili ndiyo tunakula nazo ugali. Naongezea nisichokiona kimesemwa.

Mikono. Kuna lifti ambazo mikono ya mbele na nyuma inalingana urefu, na kuna ambazo ya mbele ni mifupi, ya nyuma ni mirefu. Hizi za pili gari linakaa limerudi nyuma kidogo, milango inafunguka bila kugonga nguzo, na kwa magari madogo yenye injini mbele uzito unakaa pazuri. Lakini Hilux, hardtop na Hiace ndefu zinataka mikono inayolingana, vinginevyo nyuma inakuwa nzito. Kwa mchanganyiko wa magari yako, tafuta lifti ambayo mkono wa mbele una vipande vitatu vya kuvutika. Ikifupishwa inafaa IST, ikirefushwa inafika chasisi ya Hilux. Hakikisha pia inakuja na vipandisho, vile vikombe vya kuongezea kimo chini ya pedi, yaani ile ncha ya mkono inayogusa gari. Chasisi ya hardtop ina ngazi za pembeni, bila vipandisho mkono utagonga ngazi kabla ya kufika kwenye chuma.

Loki. Kila nguzo ina ngazi ya loki ndani, unazisikia zikigonga wakati gari linapanda. Mtu asiingie chini mpaka umeishusha lifti ikakaa juu ya loki pande zote mbili. Gari lisiningʼinie kwa nguvu ya oili ya haidroliki peke yake hata dakika tano. Na kuna kitu wauzaji hawasemi: likishakaa kwenye loki, ili ulishushe lazima kwanza ulipandishe kidogo loki ziachie. Kupandisha kunataka umeme. Umeme ukikatika, gari la mteja liko juu mpaka urudi. Mpangie mteja wa haraka ukijua hilo.

Vifungua loki viko vya kamba unayovuta kwa mkono na vya sumaku ya umeme. Kwako chukua vya mkono. Sumaku inaungua, na kuipata tena ni kuagiza.

Mtumba. Huku lifti zilizotumika zipo nyingi na nyingine zinapanda kontena kuja Dar na Mombasa. Ukiziangalia, achana na rangi, maana rangi inapigwa jioni moja. Angalia mkono kama umepinda, ukiukunjua wote ncha isining'inie. Angalia viungo vya kuchomelea chini ya kibebeo cha mikono, ufa unaanzia hapo. Kebo za kusawazisha pande mbili, ukiona hata nyuzi chache zimekatika, hesabu kebo mpya. Vitelezi vya nailoni ndani ya nguzo vikiisha, kibebeo kinacheza na mikono inainama. Meno yanayozuia mkono usizunguke gari likiwa juu, hayo yakiwa yameliwa usinunue. Na kibao cha uwezo kiwepo, kiwe kimesomeka.

#13 Bosi wa Foleni

Haya, nimesoma yote kimya. Swali: mnajua tani 4 ya Kichina ni tani 2 na nusu? Kibao ni stika tu.

#14 Mswahili wa Sharjah

Bosi, hapo una hoja nusu. Viwanda vya China vinatengeneza lifti nzuri zinazouzwa Ulaya kwa majina ya Ulaya, na vinatengeneza vichekesho. Herufi CE, ile alama ya kukidhi masharti ya Ulaya, peke yake haithibitishi kitu, mtu yeyote mwenye printa anazo. Kiwango cha Ulaya cha lifti za magari kinaitwa EN 1493. Omba cheti, usome jina la modeli kwenye cheti kama linafanana na la kwenye kibao, na kama kuna namba ya chombo kilichopima. Anayeuza kitu cha kweli anakutumia karatasi siku hiyohiyo. Wa stika anakuambia "boss don't worry".

Njia ya mtaani ya kulinganisha: uliza uzito wa lifti yenyewe na unene wa chuma cha nguzo. Mbili za tani 4, moja ikiwa nyepesi kwa kilo mia moja na zaidi, zile kilo zimeibwa mahali.

#15 Fundi Maili Moja

Je, tani 4 inanitosha kwa hardtop? Na V8 ikija?

#16 Mzee wa Spana

Hardtop tupu ni tani 2 na kidogo. Land Cruiser V8, hiyo 200, ina tani 2.6 hadi 2.7. Hilux ya milango minne tani 2. Hiace chini ya hapo kidogo ikiwa tupu. Noah tani moja na nusu, IST tani moja. Kwa jumla tani 4 inakutosha.

Lakini usisome jumla tu. Lifti ya tani 4 ina mikono minne, kila mkono ni tani moja. Hardtop ya watalii yenye bampa ya chuma, winchi mbele na tangi la pili nyuma, gawa mwenyewe uone mkono wa mbele unabeba nini. Hilux ya fundi bomba imejaa vyuma nyuma, mwambie ashushe mzigo kwanza. Daladala abiria washuke, na kondakta naye ashuke, wao hupenda kubaki ndani wamelala.

Na hatari kubwa inakuja ukiwa umeshapandisha. Gari lilikuwa limekaa sawa, wewe ukalitoa giaboksi na injini ya mbele. Uzito umeondoka mbele, gari linataka kukaa chini kwa nyuma. Nunua stendi ndefu mbili za kusimama chini ya gari lililo juu. Kabla ya kulegeza bolti ya kwanza ya injini au difu, stendi iwe upande utakaobaki mzito. Kwenye bajeti yako hiyo isikosekane.

Pandisha kwanza magurudumu yaache sakafu kwa kiasi cha kiganja. Simama. Tikisa gari kwa nguvu. Angalia pedi nne zimekaa wapi. Kwa gari lisilo na chasisi, kama IST na Noah, pedi zikae kwenye alama za jeki pale chini ya kizingiti cha mlango, si kwenye sakafu ya gari. Ukiridhika, ndipo endelea.

#17 Waya Mwekundu

Fundi umeme naingia. Mleta uzi amesema njia moja, sasa muuzaji akikuambia "lifti zote zinatumia umeme wowote", mkimbie.

Mota ya lifti za namna hii kwa kawaida ni kilowati 2.2. Ipo ya volti 220 njia moja, na ipo ya 380 hadi 400 njia tatu. Ya njia tatu inaanza kwa ulaini na inadumu. Lakini kuhamia njia tatu ni ombi jipya TANESCO, mita nyingine, waya mwingine, na gharama inategemea nguzo ya umeme iko umbali gani. Kama kampresa na mashine ya kuchomelea bado ni ndogo, baki na njia moja, ununue mota ya njia moja.

Sasa tabia ya mota ya njia moja. Ikishaanza inakula ampea 13 hadi 16. Lakini ile sekunde ya kuanza inavuta mara kadhaa ya hapo. Ukipitisha waya wa milimita 2.5 kutoka mita hadi mwisho wa banda, volti zinaporomoka, mota inanguruma bila kuzunguka, kapasita inapasuka, na wewe unasema lifti ni mbovu. Vuta laini yake peke yake, waya wa milimita 4, na ukizidi mita 20 hivi weka wa 6. Sakiti breka ya ampea 25 au 32, aina C inayovumilia mvuto wa kuanza. Ethi iwe ya kweli, fimbo imezama ardhini, maana unaning'iniza chuma cha tani mbili juu ya watu.

Jioni pima volti. Kuna mitaa saa moja usiku inashuka chini ya 200. Kama kwako ndivyo, nyanyua magari mazito mchana. Na usipandishe lifti wakati kijana anachomelea, watu huwa wanadhani hayahusiani.

Jenereta: kwa mota hiyo usishuke chini ya kVA 5, afadhali 6. Kijenereta cha kuwashia taa kitazimika ukibonyeza tu.

Mwisho, mitumba ya Marekani ina mota za hezi 60, nyingine volti 110. Isome kibao cha mota kando na kibao cha lifti.

#18 Kijiti cha Nyuma

Sina hata gari lakini nimeshajua kufunga lifti.

#19 Fundi Maili Moja

Nimetoboa. Sehemu nne kama Mzee alivyosema. Tatu zimetoa sentimita 7, moja 5 na nusu. Chini yake kifusi cha matofali. Kwa hiyo sakafu imeshindwa mtihani.

Mwenye kiwanja nimemwambia nataka kukata sakafu nimwage zege jipya, anasema fanya tu, "unanijengea". Hapo sijapapenda.

#20 Zege la Tano

Usihangaike kuvunja sakafu yote. Kata ukanda mmoja unaobeba nguzo zote mbili. Baadhi ya watu wanachimba vishimo viwili kila kimoja chini ya nguzo yake. Inawezekana, lakini vipande viwili vinaweza kushuka tofauti, na lifti haipendi nguzo moja ikae chini kuliko mwenzake.

Ukanda wa mita 4.2 kwa mita 1.5, kina sentimita 25. Kingo zikatwe kwa mashine ya diski, siyo nyundo, ili sakafu ya pembeni isipasuke. Toa kifusi chote, shindilia udongo, weka nailoni nzito. Nondo za milimita 12, jamvi la sentimita 20 kwa 20, zikae chini ya katikati ya zege, juu ya vitofali vya saruji. Lakini kwanza chora pale matundu ya bolti yatakapokuja, nondo uzipishe. Ukitoboa ukakutana na nondo, biti inakwama, na tundu la kusogeza halipo.

Zege hapo ni mita za ujazo 1.6. Kwa mchanganyo wa ndoo moja saruji, moja na nusu mchanga, tatu kokoto, inakula kama mifuko 13, nunua 14. Saruji iwe 42.5, ile ya 32.5 waachie wapiga lipu. Maji kidogo. Mafundi wetu wanapenda zege linalotiririka kama uji kwa sababu halichoshi mikono, na nguvu yote inaondoka na maji yale. Juu liwe pima maji kabisa, mteremko wa kutoa maji ya kuoshea uanzie nje ya ukanda.

Lowesha wiki nzima, funika kwa magunia. Halafu subiri siku 28. Najua utasikia kelele za "siku saba inatosha". Kuta za chumba, labda. Bolti ya kupanuka inalisukuma zege kwa ndani lipasuke, na zege changa linapasuka kweli.

#21 Binti wa Ngarenaro

Kuhusu mwenye kiwanja: "unanijengea" ni neno la kukutisha, na umefanya vizuri kutolipenda. Andikishianeni kabla ya kukata hata mstari mmoja. Karatasi iseme lifti, mota, stendi na kila kilichofungwa kwa bolti ni mali yako na utaondoka nacho. Zege linabaki lake. Na mkataba wa kupanga uwe na miaka inayotosha wewe kurudisha pesa. Serikali ya mtaa wagonge mhuri. Kama amekataa miaka, ndipo nakurudisha kwenye mkasi usiofungwa, maana unaondoka nao kwenye Canter siku hiyohiyo.

#22 Mpwani wa Changamwe

Ukishaajiri vijana na kuweka kifaa cha kunyanyulia, mambo ya ukaguzi yanakuhusu. Huku Kenya tuna sheria ya usalama kazini ya 2007, na wakaguzi wa DOSHS, idara ya usalama kazini, wanafika. Kwenu Tanzania nadhani mna yenu?

#23 Zege la Tano

Ipo, ya 2003, iko chini ya OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Sehemu ya kazi inasajiliwa na vifaa vya kunyanyulia vinakaguliwa. Hifadhi kitabu cha lifti na cheti chake kwenye faili moja, mkaguzi akija usianze kutafuta kwenye droo ya spana.

#24 Bosi wa Foleni

Nakiri uzi umenifundisha, lakini bado nasema anunue na mashine ya kompyuta.

#25 Fundi Maili Moja

Wakuu, nilipofikia ni hapa. Mwenye kiwanja amekubali miaka mitano kwa maandishi, mwenyekiti wa mtaa anagonga mhuri Jumatatu. Nachukua nguzo mbili ya tani 4, bamba chini, mkono wa mbele wa vipande vitatu, loki za kamba, mota ya njia moja. Yule muuzaji wa kwanza nilipomuomba kitabu na cheti amesoma ujumbe, kimya. Wa pili amenitumia vyote, kitabu chake kinataka zege la sentimita 15, kwa hiyo 25 za Zege la Tano zinanipa nafasi. Shimo linabaki kwa ajili ya Canter. Waya Mwekundu, nimepima mita hadi nguzo ya lifti: mita 26, nanunua waya wa 6. Stendi ndefu mbili nimeziweka kwenye orodha.

Kimebaki kitu kimoja. Bolti zinazokuja na lifti ni za milimita 18. Muuzaji anasema fundi wake atazikaza "kwa mkono mpaka zigome". Ni sawa?

#26 Zege la Tano

Hapana. Kitabu kitakuwa na namba ya kukaza, fundi aje na toku renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, au umuazimie. Tundu litobolewe kwa biti ya kipimo kilekile cha bolti, liingie wima, kisha vumbi lote lipulizwe nje kwa hewa ya kampresa. Vumbi likibaki, bolti inapanukia kwenye unga. Kama nguzo haisimami wima, weka visahani vya chuma chini yake kabla ya kukaza, usitumie mbao wala kipande cha bati kilichokunjwa.

Bolti ikizunguka na kuzunguka bila kufikia namba ya kitabu, zege halijashika. Simamisha kazi hapo, usimruhusu aongeze washa ya bolti akasema imekaza. Na baada ya wiki ya kwanza ya kunyanyua magari zirudie zote kwa toku renchi ileile, zitakuwa zimelegea kidogo.

#27 Fundi Maili Moja

Toku renchi ninayo, ya vichwa vya silinda, inafika Nm 200. Namba ya kitabu iko ndani ya hapo. Mafundi wa kukata sakafu wanaingia Jumanne.